Namba Zisizotetemeka

Kapitolina Yegorovna Zubareva hakuvua koti. Kwa watu wa taasisi ile, hilo lilitosha kuwaambia kwamba mpelelezi hakuja kunywa chai, ingawa Nonna Feliksovna alikuwa ameshaimimina na kisahani cha jemu kilikuwa mezani. Zubareva alikitazama kisahani, akakisogeza pembeni, akatandaza mahali pake karatasi ndefu iliyokunjamana.

"Hii imetoka kwenye kapu lako la taka," alisema. "Naibu mwendesha mashtaka anatia saini hati ya mashtaka jioni hii. Akishatia, Gleb Tyurin anapandishwa kizimbani kwa kughushi vipimo na kusababisha kifo. Kibaya zaidi, mwenyewe yuko tayari kukiri. Kwa hiyo nieleze, na unieleze kama unavyomweleza mjinga."

Nonna alikuwa mwandishi wa programu wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele fupi na vidole vilivyochafuka chaki. Tangu asubuhi alijua kwamba anashukiwa. Zubareva alikuwa na jicho ambalo hata wasio na kosa lilikuwa likiwafanya wakumbuke makosa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kiangazi cha mwaka uliopita, Tyurin alizunguka vilima vya Ust-Talga na kipima mvuto begani, akapima jinsi ardhi inavyovuta katika kila kituo. Mwamba mzito huvuta zaidi, mwepesi huvuta kidogo. Vipimo vililetwa kwa ndege hapa Akademgorodok, mji wa wanasayansi, vikatobolewa kwenye kadi za kompyuta, mashine ikaigawa ardhi vitalu na kukokotoa ramani ya kilichofichwa chini, na ramani ikaonyesha bonge nono la shaba. Wakachimba. Badala ya shaba, wachimbaji walitoboa paa la pango lililojaa maji. Wote walipanda ngazi wakatoka, isipokuwa msimamizi wao, Yefim Kolchin, aliyebaki chini akiwasukuma wenzake juu. Yefim alikuwa kaka wa mke wa Tyurin. Tangu mazishi mke huyo hajatia mguu mahabusu, na barua za mumewe huzirudisha bila kuzifungua.

Madaftari ya porini yaliungua pamoja na kibanda cha kambi. Zubareva alikwenda mwenyewe hadi Ust-Talga kukagua majivu. Jiko lilikuwa bovu kweli na moto ulikuwa wa bahati mbaya kweli, lakini katika ofisi ya mashtaka hakuna aliyetaka kusikia. Zilibaki kadi tu. Tyurin alipoonyeshwa namba zilizomo alizikodolea macho muda mrefu, akasema anadhani katikati ya kilima mvuto ulikuwa mdogo zaidi, ila labda amesahau, labda kifaa kilimdanganya, na kama kilimdanganya basi yeye ndiye aliyemuua Yefim. Mtu wa namna hiyo husaini chochote.

"Soma hapa," Zubareva aliendelea, akigonga karatasi. "Kipande hiki cha ardhi ni kizito kuliko madini ya risasi. Jirani yake uzito wake ni chini ya sifuri. Na hiki tena ni kizito kuliko risasi. Huu ni upuuzi, na ni wewe uliyeutupa."

Nonna alishusha pumzi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepona jino kwamba huo si uhalifu, ni Jumanne ya kawaida. Ile ni hesabu ya eneo jingine, na alikuwa amekosea kuweka namba moja.

"Nikupe bakuli la supu ya borshi," alisema. "Uonje tu, halafu uniambie kila kitu kilichoingia sufuriani kilikuwa gramu ngapi. Utaweza?"

"Kwa kukisia."

"Mashine haikisii, inakokotoa. Ulimi wako ukikosea kidogo tu kwenye chumvi, inakuambia nyama ilikuwa gunia zima na kabichi ilikuwa chini ya sifuri. Halafu jibu hilo linalingana kabisa na ladha uliyoisema. Hesabu haioni aibu, Kapitolina Yegorovna."

"Kwa hiyo kosa dogo huku mwanzoni linakuwa balaa kule mwisho."

"Ndiyo. Kutoka sufuriani kwenda ulimini njia ni rahisi. Kurudi ndiko kwenye kuteleza. Sasa tunachofanya sisi ni hiki. Tunajua vipimo vina kosa, kwa hiyo majibu yanayokubaliana navyo ni mengi mno. Tunaiambia mashine, katika hayo yote, nipe lile lenye fujo ndogo kuliko mengine. Ipo namba moja inayoamua tudai utulivu kiasi gani. Tunaiita alfa. Ukiizidisha, milima yote inageuka uji. Ukiipunguza kupita kiasi, unapata hayo uliyookota kapuni kwangu."

"Na kiasi chake unakijuaje?"

"Kwa kosa la kifaa. Huruhusiwi kuvisadiki vipimo kuliko vinavyostahili."

Hatimaye Zubareva akafungua vifungo vya koti. Maneno hayo alikuwa akiyahubiri kwa wapelelezi vijana maisha yake yote, bila kujua kwamba kuna watu wanalipwa kuyafanyia hesabu. Shahidi mkweli hukosea. Mmoja atasema gari lilikuwa la buluu, mwingine la kijani, na hapo unajua kweli kulikuwa na gari. Alimsimulia Nonna kisa cha walinzi wa ghala moja kule Barnaul, waliosimulia wizi neno kwa neno, hadi kikohozi cha mwizi wakakiweka mahali pamoja. Aliwaweka ndani wote.

"Nijibu hili taratibu," alisema. "Ukiweka alfa sifuri, vipimo vya kweli vitafanyaje?"

"Vitaropoka, bila shaka. Kila kipimo kina kosa lake."

"Na vya uongo?"

Nonna aliweka kijiko chini. Alianza kujibu, akaacha, akaanza tena. Inategemea vimetungwaje, alisema. Mtu anaweza kuchora shaba mahali anapoitaka, akaiagiza mashine ikokotoe mvuto ungekuwa kiasi gani juu ya ardhi, kisha akazichukua namba hizo kana kwamba zimepimwa. Hazitakuwa na kosa ndani yake. Ukizirudisha kwenye mashine ileile, zitakupa kilekile ulichochora. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huonywa wasijaribie programu zao kwa njia hiyo, kwa sababu inawapa sifa wasizostahili.

"Na hakuna aliyewahi kuziendesha kadi za Tyurin bila alfa?"

"Kwa nini afanye hivyo? Hapa mtu haweki sifuri, kama asivyotoka nje Januari bila kofia."

"Leo tutatoka bila kofia," Zubareva alisema, akasimama.

Ukumbi wa mashine ulikuwa chini, wenye baridi na mngurumo usiokwisha. Zubareva alivishwa koti jeupe na kandambili za kitambaa juu ya soksi za sufu. Mafundi wawili wa zamu waliandikwa kuwa mashahidi, kama sheria inavyotaka, na mmoja wao akauliza kama shahidi anaruhusiwa kutafuna mbegu za alizeti. Aliambiwa akae kimya. Nonna alipanga kadi, akabadilisha ile yenye alfa, na mashine ikaanza kazi.

Karatasi ilipotoka, Nonna ndiye aliyeisoma kwanza. Uso ulimkunjuka.

"Inaropoka," alisema. "Tazama. Risasi, sifuri, chini ya sifuri. Vipimo vya kweli hivi, Kapitolina Yegorovna."

Alifurahi kwa ajili ya maabara yake. Zubareva hakufurahi hata kidogo. Kama namba ni za kweli, shaba ingekuwepo, na haikuwepo. Naibu mwendesha mashtaka angesema tu kwamba Tyurin alipotosha kipimo kimoja hapa na kingine pale, na mjadala ungeishia hapo. Aliomba apigiwe simu ofisini. Alijibiwa kwamba hati iko mezani, gari la kumpeleka mlinzi mahabusu na karatasi ya kukiri limeshaondoka, na naibu anauliza kwa nini mpelelezi wake anacheza na mashine. Alikata simu bila kuaga. Aliogopa, na hofu yake siku zote ilimfanya awe mkali.

Alisimama dirishani akitazama watu wakipita kwenye theluji na viatu vyao vya kuteleza begani. Mawazo yake yakarudi kwa wale walinzi wa Barnaul. Walikuwa hawakosei hata neno, ndiyo, lakini lini? Pale walipoulizwa kwa mpangilio ule ambao aliyewafundisha aliwaulizia. Alipoanza yeye kuuliza kutoka mwisho kwenda mwanzo, walibabaika kama watu wengine wote.

Alirudi ukumbini karibu mbio, kandambili zikimtoka.

"Umeiuliza mashine kwa maneno ya nani?"

Nonna hakuelewa.

"Ardhi mnaikata vipande ili kuikokotoa. Mnaviita vitalu. Vitalu vya nani ulivyotumia sasa hivi?"

"Vyangu. Vidogo vidogo. Tunavitumia tangu majira ya kuchipua."

"Na kadi za Tyurin zilifika lini?"

"Vuli iliyotangulia." Nonna alianza kuongea polepole. "Wakati ule tulikuwa na mkato wa mkuu wetu, Innokenty Pavlovich, aliyeuendesha mwenyewe. Vitalu vikubwa, na havijapangwa sawasawa, ameviegemeza upande kufuata tabaka za mwamba. Ni ubunifu wake, shahada yake ya udaktari ilisimama juu ya mkato huo. Mtu wa porini hawezi kuujua. Hata kama Tyurin angetunga namba, angetunga kwa mkato mwingine, au bila mkato." Akaitazama mashine. "Ila programu ile mimi sina. Ninazo zangu tu. Kadi zake ziko kabatini kwake."

Innokenty Pavlovich Ladygin, mkuu wa maabara, aliwapokea wakiwa bado na makoti meupe. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye rangi ya jua la theluji usoni. Mazishini alizungumza vizuri kuliko wote, na tangu upelelezi uanze alikuwa mwepesi wa kusaidia. Jina lake lilikuwa limependekezwa Akademia ya Sayansi, na Ust-Talga ndiyo iliyompeleka huko.

"Mama yangu, nasikia umeanza kusoma hisabati," alisema. "Mwakani utatunyang'anya mishahara."

"Mishahara yenu nimeiona. Baki nayo."

Alicheka. Zubareva aliketi, akatoa karatasi ya maelezo, akaanza mbali. Aliuliza juu ya ile njia maarufu na nani aliyeibuni. Ladygin hakuhitaji kusukumwa. Alifungua mlango wa kabati la chuma na kuonyesha sanduku la kadi, akaeleza jinsi wageni kutoka Moscow wanavyoomba kuliona. Zubareva alisema kazi kama hiyo inaweza kuharibiwa na mikono ya watu. Ladygin alisema mikono ya watu haijawahi kufika hapo, ufunguo ni mmoja na uko kwake, hata Nonna Feliksovna hajaruhusiwa kuzigusa. Zubareva aliandika.

"Na vipimo vya Tyurin, vikikokotolewa bila alfa?"

"Nimesikia mmejaribu. Viliropoka."

"Ni kawaida?"

"Vipimo vyote vya kweli huropoka. Tyurin ni mpimaji mzuri, nimesema hivyo tangu mwanzo. Pengine alikosea mahali pamoja tu, kwa uchovu. Mimi simtakii mabaya."

"Vinaropoka kwa mkato wowote?"

Hapo Ladygin alichelewa. Haikuwa muda mrefu. Nonna, aliyesimama mlangoni, aliuona ule ukimya na mikono yake ikaingia mifukoni.

"Kimsingi, ndiyo," Ladygin alisema.

Zubareva alimsomea alichoandika, tangu ufunguo hadi kimsingi ndiyo, akamgeuzia kalamu. Mtu mwenye jina lake Akademia hawezi kukataa kusaini maneno aliyoyasema mbele ya msaidizi wake. Alisaini. Ndipo Zubareva alipomwomba sanduku.

"Si lazima," alisema Ladygin. "Programu ya zamani. Mashine ina foleni, watu wana kazi zao. Kisayansi jaribio hilo halina maana."

"Kisayansi sijui. Kisheria nina kibali cha upekuzi mfukoni, na mashahidi wangu wako chini wanatafuna mbegu."

Alilitoa mwenyewe. Ngazini alilibeba kwa mikono yote miwili.

Zubareva alitaka kwanza jaribio la kulinganisha, maana alijua wakili yeyote angeuliza. Nonna akaleta vipimo vya zamani vya eneo jingine, ambalo shimo lake lilishachimbwa na ukweli wake ukajulikana. Mkato wa Ladygin, alfa sifuri. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka, mlima mzima ukaropoka kama ilivyotakiwa. Mashahidi walitia saini pembeni.

Kisha zikaingia kadi za Ust-Talga. Mpelelezi aliitazama mikono ya Nonna ilivyokuwa ikizisawazisha kingo, akatamani kumwambia aharakishe, akajizuia. Ladygin alisimama mbali na mashine, karibu na ukuta, amekunja mikono.

Safu ya kwanza ya karatasi ilikuwa sifuri tupu. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na sifuri, kisha namba moja ileile ikajirudia kitalu baada ya kitalu, bila kupungua wala kuzidi hadi tarakimu ya mwisho, kisha sifuri tena. Hakuna risasi, hakuna chini ya sifuri. Bonge la shaba lilikaa katikati ya karatasi na pembe zake zimenyooka. Fundi aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

"Ardhi haina pembe za namna hii," Nonna alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Hizi hazikupimwa. Zilitoka humu. Nilizichorea ramani kwa mikono yangu, Innokenty Pavlovich. Nilikuletea ramani ukanipa chokoleti."

"Nonna Feliksovna pia anajua kutumia mashine," alisema Ladygin.

"Ufunguo ni mmoja," Zubareva alisema. "Umesaini."

Ladygin aliitazama karatasi kwa muda, si kama mshtakiwa bali kama mhariri anayetafuta kosa la chapa. Aliposema tena, sauti ilikuwa imemkauka. Alisema vipimo vya Tyurin vilikuwa na ubovu. Shaba pembeni ilionekana, ndiyo, lakini katikati kulikuwa na mvuto mdogo usioelezeka, na kila alfa aliyoiweka ulibaki palepale. Aliona ni kosa la kifaa.

"Ulibaki palepale kwa kila alfa," Nonna alisema. "Kosa halibaki palepale. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Msimu ulikuwa umekwisha. Huwezi kumrudisha mtu milimani kwenye theluji. Akademia ilikuwa inangoja." Alijikuna shavu. "Niliijaza sehemu moja tu. Ilikuwa lazima niunde upya namba zote ili zilingane. Nilidhani chini yake kuna shaba. Nilikuwa na uhakika."

Zubareva alimwagiza fundi mkubwa afunge mlango wa ukumbi, akamwomba Ladygin aketi. Akachukua simu ya ukutani. Alipitia kwa naibu kwanza, akamwambia kwa maneno machache asitie saini, na naibu alipoanza kufoka alimwambia afokee karatasi itakayofika kwake baada ya saa moja. Kisha akaomba mahabusu. Walichelewa kumleta Tyurin. Alisikia mlango wa chuma, nyayo, na mtu akikohoa.

"Umesaini?"

"Nilikuwa naisoma," alisema Tyurin. "Imeandikwa vizuri."

"Iache. Nisikilize, Gleb Savelyevich. Kifaa chako kilikuwa kizima. Kumbukumbu yako pia. Ulilipima lile pango, lilikuwemo kwenye vipimo vyako. Kuna mtu aliliona akalifuta. Amekiri mbele ya mashahidi."

Zubareva alisubiri, mgongo wake ukiwa kwa watu wote ukumbini.

"Kwa hiyo walikuwa nalo," Tyurin alisema mwishowe. "Tangu vuli ile. Yefim asingeshuka."

Zubareva angeweza kumwambia kwamba hayo ni ya mahakama kuamua. Alikuwa amekwisha kuwaambia watu wengi hivyo.

"Asingeshuka," alisema.

Alimsikia akivuta pumzi, mara kadhaa, kama mtu aliyepanda mlima. Akamwambia atalala hapo usiku huu tu, kesho atamtoa yeye mwenyewe, na akauliza kama yupo wa kumpelekea habari.

"Mke wangu," alisema Tyurin. "Mpigie yeye kwanza. Usimwambie kwamba natoka. Mwambie ukweli juu ya kaka yake."